Marr wa Ubongo na Marr wa Kompyuta

Anayetembelea Kendall Square leo, pale Cambridge, Massachusetts, hukuta majengo ya vioo yamesongamana hadi ukingoni mwa barabara. Mwaka 1977, nilipofika Marekani kusomea hisabati, sehemu kubwa ya mtaa ule ilikuwa viwanja vitupu, na upepo wa Mto Charles ulipita humo bila kizuizi. Miongoni mwa majengo machache yaliyosimama palikuwa na Technology Square, na katika orofa za juu za jengo nambari 545 ndimo ilimokuwa Maabara ya Akili Mnemba ya MIT. Mimi sikuwa mwanafunzi wa maabara hiyo, wala wa MIT. Nilisoma chuo kingine ng'ambo ya mto, na jioni nilifanya kazi katika duka la fotokopi karibu na hapo. Yote nitakayoyasimulia niliyaona kutoka nyuma ya kaunta ya duka lile.

Maabara ilikuwa na desturi ya kutoa utafiti wake kwa memo zenye nambari, mara nyingi miezi mingi kabla haujachapishwa kwenye majarida. Wanafunzi walizileta dukani ili kuwatolea nakala wenzao wa vyuo vingine. Mashine zetu zilikuwa za polepole, na kati ya ukurasa mmoja na mwingine palikuwa na nafasi ya kusoma. Mmoja aliwahi kuleta memo ya zamani, Nambari 100, ya Julai 1966, ambamo Seymour Papert alipanga mradi wa likizo ya kiangazi: wanafunzi wagawane kazi na wajenge sehemu kubwa ya mfumo wa kompyuta wa kuona. Kiangazi kimoja! Nilipokuwa nikiitoa nakala ile, zaidi ya miaka 10 ilikuwa imepita, na kazi kubwa ya kompyuta hizo ilikuwa bado kutambua vibao vya kuchezea vilivyopangwa mezani chini ya mwanga mzuri. Kuona ni jambo analofanya mtoto mchanga, na kwa sababu hiyo watu wenye akili nyingi walilidharau.

Memo iliyonishika ilikuwa nyingine, Nambari 357 ya Mei 1976. Waandishi walikuwa wawili, D. Marr na T. Poggio, na mada yenyewe ilikuwa namna ya kutoka kwenye kuelewa ukokotoaji hadi kuelewa nyaya za neva. Poggio alikuwa Mwitaliano wa Genoa aliyekuwa akichunguza macho ya nzi pamoja na Werner Reichardt huko Tübingen, Ujerumani. Hilo la nzi lilinifurahisha. Niliweka nakala moja ya ziada pembeni, nikailipia kwa pesa yangu, nikaenda nayo nyumbani.

Nilikuwa nikikaa na dada mmoja wa Bukoba aliyesomea fiziolojia. Alinizidi umri, na katika mambo ya nyumba ile, kuanzia kodi hadi sufuria, neno la mwisho lilikuwa lake. Aliona jina kwenye karatasi.

"Huyu Marr si yule wa serebelamu?"

"Sidhani, dada. Huyu ni wa kompyuta."

"Mdogo wangu, ni mtu mmoja huyo."

Siku chache baadaye alirudi na makala kutoka maktaba yao, iliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la fiziolojia la Uingereza, akanikalisha mezani kunifundisha. Serebelamu iko kisogoni, chini ya ubongo mkubwa, na ndiyo inayonyoosha miendo yetu. Mkono ukikifikia kikombe bila kukipita, hiyo ni kazi yake. Mwaka 1967 John Eccles, Masao Ito na János Szentágothai walikuwa wametoa kitabu kilichochambua nyaya zake kwa makini sana. Alinionyesha kwa ncha ya kalamu: hii ni seli ya Purkinje, ina matawi mengi yaliyotandazwa bapa. Nyuzi sambamba zipatazo 200,000 hupita katika matawi hayo, na kila moja huigusa kidogo tu. Kisha upo uzi mmoja, mmoja tu, unaopanda na kujizungusha kwenye matawi hayo hayo, nao ukiwaka seli nzima hutikisika.

"Sasa," akasema, "nyuzi hizi zote ni za nini? Walimu wangu walizijua nyaya, hawakujua jibu. Huyu kijana wako ndiye aliyejibu."

Kijana mwenyewe alizaliwa Januari 1945 huko Essex na kusomea hisabati Trinity College, Cambridge, ile ya Uingereza. Alipotoa makala ile alikuwa na miaka 24. Jibu lake lilikuwa kwamba uzi ule mmoja unafundisha. Unapowaka, seli hujifunza ni nyuzi zipi kati ya zile 200,000 zilizokuwa zikiwaka wakati huo huo, na baada ya mazoezi, mpangilio huo wa nyuzi unatosha wenyewe kuleta mwendo unaotakiwa. Mwaka 1970 alitoa nadharia ya gamba la ubongo mkubwa, na mwaka 1971 nadharia ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Katika hiyo ya tatu alieleza jinsi kipande kidogo cha tukio kinavyoweza kuamsha kumbukumbu nzima, na akapendekeza kwamba yaliyohifadhiwa mchana huhamishiwa kwenye gamba la ubongo mtu anapolala. Makala tatu ndani ya miaka mitatu.

Mtu mwingine angebaki hapo hadi kustaafu. Marr aliondoka, na kuondoka kwake ndiko nilikokuja kukuheshimu kuliko ugunduzi wowote.

Wakati ule sayansi ya ubongo ilikuwa imepata ushindi mkubwa kwa kuchomeka sindano nyembamba na kusikiliza seli moja moja. Horace Barlow alikuwa amechunguza jicho la chura mwaka 1953. Jerome Lettvin na wenzake wakafanya hivyo hapo MIT mwaka 1959. David Hubel na Torsten Wiesel, huko Johns Hopkins kabla ya kuhamia Harvard, walipata seli za paka zinazowaka kwa mistari yenye mwelekeo fulani. Wengi waliamini kwamba ukiendelea hivyo utafika kwenye seli inayowaka pale tu unapomwona bibi yako. Marr aliuliza swali lililonikosesha usingizi: haya, tuseme tumeipata seli ya bibi. Tumejua nini? Tumejua kwamba ipo. Hatujajua jinsi ubongo ulivyotoka kwenye mwanga uliotua jichoni hadi kwa bibi, wala kwa nini ufuate njia hiyo na si nyingine. Pigo hilo lilizipata hata nadharia zake mwenyewe. Alikuwa ameeleza serebelamu inawezaje kujifunza miendo. Miendo yenyewe ni tatizo la aina gani, nadharia haikugusa.

Mwaka 1973 Marvin Minsky na Papert wa maabara ile walimkaribisha MIT. Alikwenda kwa ziara, akabaki. Mwaka huo huo alimsikiliza Elizabeth Warrington, mwanasaikolojia kutoka London, akieleza habari za wagonjwa wenye majeraha ya ubongo. Wenye jeraha upande wa kulia, katika sehemu ya utosi, walikitambua kitu kikionyeshwa kwa upande uliozoeleka: ndoo ikitazamwa kutoka ubavuni, hii ni ndoo. Ukiwaonyesha ndoo ile ile kutoka juu kabisa, walikwama, na wengine walikataa katakata kwamba inaweza kuwa ndoo. Wenye jeraha upande wa kushoto mara nyingi hawakujua jina la kitu wala matumizi yake, lakini umbo lake walilieleza sawasawa, hata kilipotazamwa kwa pembe ya ajabu. Marr alichukua somo moja hapo: umbo la kitu na maana ya kitu vimehifadhiwa mbali mbali, na kuona kunaweza kutupa umbo hata pale ambapo hatujui kitu chenyewe ni nini. Dada yangu wa Bukoba alipolisikia hilo alinyamaza muda mrefu. Nyumbani, kabla ya kuja masomoni, alikuwa amemuuguza mjomba aliyepata kiharusi.

Februari 1978 Boston ilipigwa na dhoruba ya theluji ambayo wenyeji huizungumzia mpaka leo. Zilianguka karibu sentimita 70 katika siku mbili, magari yakapigwa marufuku barabarani, duka likafungwa. Tulibaki ndani na maharagwe, redio, na karatasi moja niliyokuwa nimeichukua dukani. Ilikuwa na miraba miwili iliyojaa nukta nyeusi na nyeupe zilizotawanywa ovyo. Béla Julesz wa maabara za Bell ndiye aliyeanzisha picha za namna hii mwaka 1960. Ukitazama kila mraba peke yake huoni kitu. Miraba hiyo inafanana, ila nukta za katikati zimesogezwa kidogo upande mmoja. Ukipishanisha macho hadi miraba miwili iwe mmoja na ukavumilia, ghafla kipande cha katikati huinuka kutoka kwenye karatasi na kuelea hewani, kingo zake zikiwa kali.

Mimi nilikiona asubuhi. Dada alihangaika hadi jioni, macho yakimtoka machozi, mara akapiga kelele na kunishika mkono. Jambo la ajabu ni kwamba karatasi yenyewe ilikuwa mbovu. Mashine yetu ilikuwa na kasoro ya wino, ikiongeza madoa yake hapa na kufuta nukta pale, na madoa ya mraba wa kushoto hayakulingana na ya mraba wa kulia. Kipande kiliinuka hata hivyo. Nukta ni maelfu, zote zinafanana, yoyote ya kushoto inaweza kuoanishwa na yoyote ya kulia. Je, ubongo hujuaje ipi ni ya ipi?

Marr na Poggio walikuwa wamejibu katika jarida la Science mwaka 1976, na jibu lao lilianzia nje ya ubongo, kwenye ulimwengu wenyewe. Doa moja juu ya kitu haliwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila nukta ioane na moja tu. Na nyuso za vitu kwa kawaida ni laini, hazirukiruki mbele na nyuma. Kwa hiyo nukta jirani ziwe na umbali unaokaribiana. Basi, hayo mawili. Wakajenga mtandao wa vijisehemu ambamo majirani wanaokubaliana huimarishana na wanaogombea nukta moja huzimana. Mtandao ulizunguka mara kadhaa, nukta zikapata wenzi wao, umbo likajitokeza.

Kilichofuata ndicho kilichonifunza maana ya mtafiti. Miaka mitatu baadaye, 1979, watu hao hao wawili walichapisha nadharia nyingine ya jambo lile lile. Walikuwa wametazama ushahidi kuhusu jicho la binadamu wakaona kwamba mtandao wao wa mwanzo, ingawa ulifanya kazi, hauelekei kuwa njia inayofuatwa na ubongo. Walileta njia mpya: kuanza na picha iliyofifishwa, kuoanisha sehemu kubwa kubwa kwanza, kisha kusogeza macho na kuingia kwenye undani. Yale mawili kuhusu ulimwengu hawakuyagusa. Njia ilibadilika, kazi ikabaki ile ile. Nilitoa nakala za makala zote mbili na kuzibandika ukutani juu ya kitanda changu, moja kando ya nyingine.

Sikujua wakati wa theluji ile kwamba majira hayo hayo ya baridi Marr alikuwa ameambiwa ana saratani ya damu. Habari zilinifikia polepole kupitia kaunta. Kwa nje kilichoonekana ni wingi wa karatasi. Mwaka 1978 ilitoka kazi yake na Keith Nishihara kuhusu maumbo, jinsi mwili wa mtu au wa farasi unavyoweza kuelezwa kwa mihimili iliyopangwa, mkubwa kwanza na midogo ndani yake. Aprili 1979 yeye na Poggio walikuwa California, Taasisi ya Salk, wakijadiliana na Francis Crick. Kiangazi cha mwaka huo aliandika kitabu.

Nilimsikiliza mara moja, nikiwa nimeketi nyuma kabisa ya ukumbi uliojaa. Mada ilikuwa kingo za picha, kazi aliyoifanya na Ellen Hildreth. Daftari langu la siku hiyo ninalo bado. Fifisha picha kwanza, nimeandika, kwa viwango kadhaa tofauti. Kisha tafuta mahali ambapo badiliko la badiliko la mwanga linavuka sifuri. Chini yake nimechora duara ndani ya duara, kitovu kina alama ya kujumlisha na pete ina alama ya kutoa, kwa sababu seli za retina zimepangwa hivyo hasa: kitovu kinachochewa, pembezoni panazima. Kwangu mimi, mtu wa hisabati, mchoro huo ulitosha. Alama ya hesabu niliyofundishwa ubaoni ilikuwa imekaa ndani ya jicho langu tangu nizaliwe.

Alifariki tarehe 17 Novemba 1980, akiwa na miaka 35, mwaka ule ule alipopandishwa kuwa profesa kamili. Wiki hiyo wateja wetu walikuja wakiwa wapole isivyo kawaida. Dada wa Bukoba aliniambia pole kama mtu aliyefiwa na ndugu, nami nikaipokea.

Nilirudi Kenya nikapata kazi ya kufundisha Nairobi. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 chuo kikuu kilifungwa, na wanafunzi wakakaa nyumbani kwa muda mrefu. Kitabu chake, *Vision*, kilichochapishwa mwaka huo na W. H. Freeman, kilinifikia mwaka uliofuata kwa mkono wa msafiri, nikakisoma katika nyumba za chuo zilizokuwa kimya.

Mapema kabisa katika kitabu hicho anachukua mashine ya kaunta, ile ya kujumlishia bei dukani. Nilikuwa nimeibonyeza mashine ya namna hiyo kila jioni kwa miaka. Anauliza inafanya nini: inajumlisha. Kwa nini ijumlishe, isizidishe? Kwa sababu ya yale tunayoyaona kuwa haki katika kununua. Usiponunua kitu, usilipe kitu. Ukitanguliza mkate au maziwa, jumla iwe ile ile. Ukigawa vitu mafungu mawili na kulipia kila fungu, usilipe zaidi. Ukirudisha kitu, urudishiwe pesa yake. Anayetaka masharti hayo yote yatimie hana pa kwenda ila kwenye kujumlisha. Hiyo ni ngazi ya kwanza. Ya pili ni namba zimeandikwaje na zinajumlishwa kwa hatua zipi. Ya tatu ni mashine imetengenezwa kwa nini, magurudumu ya chuma au vipande vya silikoni au seli za neva. Katika memo ya 1976 ngazi zilikuwa nne. Humu amezifanya tatu, na zimekaa vizuri zaidi. Mtu anaweza kuifungua mashine ile, akahesabu kila gurudumu lake, na asijue kamwe kwamba duka lina haki zake.

Nimeishi kuona mengi yaliyomfuata. Mwaka 1982 Ito alionyesha kwamba miunganisho ya nyuzi sambamba na seli ya Purkinje hubadilika kweli uzi ule mmoja unapowaka pamoja nazo. Hubadilika kwa kudhoofika, kama James Albus alivyokuwa amependekeza mwaka 1971, na si kwa kuimarika kama Marr alivyodhani. Lakini mahali ni pale pale alipopaonyesha akiwa kijana. Mwaka 1987, wataalamu wa uoni wa kompyuta walipofanya kongamano lao la kwanza la kimataifa huko London, tuzo yao kuu ilibeba jina lake.

Hata hivyo kuna miaka ambapo vijana walikiona kitabu chake kama kitu cha kale. Mitandao inayojifunza kwa mifano ilikuja kwa kishindo. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, huko Toronto, waliupa mtandao wao picha zaidi ya milioni moja ukajifunza kuzipanga katika makundi 1,000, na hakuna aliyeuambia chochote kuhusu nyuso laini au nukta moja kuwa mahali pamoja. Nilipoona michoro ya tabaka la kwanza la mtandao huo nilisimama kutoka kwenye kiti. Ulikuwa umejitafutia wenyewe vichujio vya kingo, vyenye mielekeo, vidogo na vikubwa. Na mbegu ya makala ya Marr ya 1971 nayo imeota: Demis Hassabis alichunguza hipokampasi na kumbukumbu kwa shahada yake ya uzamivu London, akapita katika maabara ya Poggio hapo MIT, na mwaka 2010 akashiriki kuanzisha kampuni ya DeepMind. Programu yao iliyojifunza kucheza michezo ya Atari ilihifadhi matukio iliyoyapitia na kuyarudia baadaye ili kujifunza, nao walisema wazi kwamba wazo hilo lina asili yake katika hipokampasi.

MIT Press ilipokichapa tena kitabu mwaka 2010, Poggio aliandika maneno ya mwisho, na humo alipendekeza ngazi nyingine iwekwe juu ya zile tatu, ngazi ya kujifunza. Wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wanajenga mifumo hii Nairobi na kwingineko, humnukuu wakija kunijulia hali. Wananiambia, "Mwalimu, mashine hujifunza kazi yake yenyewe, hatuna haja ya kuieleza." Nawajibu kwamba Poggio aliongeza ngazi, hakuondoa. Mtandao ukijifunza kingo kutoka kwenye picha milioni moja, kuna kitu katika ulimwengu kilichozifanya kingo zistahili kujifunzwa, na kitu hicho kinaweza kuandikwa kwa hisabati. Mmoja wao ameanza kukiandika. Huja Jumamosi na karatasi zake, na tukishakunywa chai tunaendelea kubishana tulipoachia.